Bakuli la Moto Lisiloungua

Tumbaku inayowaka ndani ya kiko hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Mti wa kawaida huanza kubabuka na kutoa moshi ukifika nyuzi 200 na kitu. Kwa hesabu hiyo, kiko cha mti kingekuwa mkaa kufikia jioni ya siku ya kwanza. Lakini viko vipo ambavyo babu alimwachia mjukuu, bakuli lingali zima.

Siri ya kwanza ni kwamba mti ni mpitishaji mbovu wa joto, mara mia kadhaa chini ya chuma. Kaa la tumbaku ni dogo, halitulii pahali pamoja, na ukuta wa bakuli wenye unene wa milimita sita au zaidi hunyimwa hewa ya kuuwezesha kushika moto. Siri ya pili hujengwa na mvutaji mwenyewe. Kila anapovuta, masizi hujipaka ndani, yakafanya gamba jembamba la kaboni linalomeza joto kabla halijagusa mti. Mapafu hayana gamba kama hilo: lami na kaboni monoksidi hupita vilevile, kiko kiwe cha mti wa bei gani.

Tangu miaka ya 1850, mafundi wa Saint-Claude, Ufaransa, wamechonga viko kutokana na kichaka kiitwacho Erica arborea. Hawachukui shina, wanachukua kinundu kinachovimba kati ya shina na mizizi, ghala ambamo mmea huweka akiba ya kuchipua upya baada ya moto. Nyuzi za kinundu hicho zimejisokota huku na huku, kwa hiyo hakuna mstari ulionyooka ambao ufa ungeufuata. Hutokoswa kwa saa nyingi kutoa utomvu na tanini, kisha hukaushwa kwa miezi.

Mtu wa Mweiga, nchini Kenya, anaweza kushangaa hapa. Erica hiyohiyo iko juu ya kichwa chake. Makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare yapo mjini kwake, na ukipanda ukaacha msitu, ukaacha mianzi, ukakaribia mita 3,000, unaingia kwenye vichaka vyake, kilele cha Satima kikiwa mbele yako. Lakini ni ndani ya hifadhi. Jembe halina kazi huko, na ni vyema.

Fundi wa huku Kieni, eneo la Mweiga, ana mutamaiyu, mzeituni mwitu wa misitu mikavu unaoota pamoja na mutarakwa, yaani mwerezi. Ni mgumu, mzito, rangi ya asali yenye michirizi myeusi, na ukiukata harufu yake haikusumbui. Mutarakwa wenyewe hapana: una mafuta yenye harufu kali, mzuri kwa kasha la nguo, mbaya mdomoni.

Kazi ngumu ni keekee. Tundu la bakuli hushuka wima, upana wa milimita 20 hivi. Njia ya moshi, milimita nne, hutoka ubavuni na lazima ifike chini kabisa ya bakuli. Ikitokea juu kidogo, maji ya tumbaku hujikusanya chini na kiko hulia kama sufuria. Ndipo tupa, msasa, na nta kwa nje tu. Vanishi ndani ya bakuli ni sumu ya kupasha moto. Na mti uwe umekauka kweli: wenye pupa huuza mbichi, ukapasuka mteja akiwa bado anausifia.

Mpingo huvutia zaidi, lakini vumbi lake huwasha ngozi ya wachongaji wengi, na tangu 2017 jamii yake yote, Dalbergia, iko chini ya masharti ya CITES kuvuka mpaka.

Arusha walitafuta njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Tanganyika Meerschaum ilichimba karibu na Amboseli jiwe jeupe, jepesi, lenye vitundu, ikauza viko vya chapa ya Kiko vyenye alama ya tembo. Katika baadhi yake jiwe lilikaa ndani, likapokea moto wote. Mti ukabaki wa kushikwa mkononi.