Kazi Ambayo Haikumlazimu Mama



Wengi katika wasomaji wetu hapa pwani, kama sisi wenyewe, walisomeshwa kwa kofia. Mama alipomaliza kuosha vyombo vya mchana alikaa ukumbini na kofia ya vito mapajani, akashona tundu mojamoja mpaka adhana ya Alasiri. Kofia moja nzuri huchukua miezi. Ilipokamilika haikulala nyumbani. Ilipelekwa kuuzwa, na bei yake ikawa ada ya madrasa, unga na kanzu ya Idi. Sisi tunaoandika haya tumevaa kofia nyingi, wala hatukumbuki kuvaa hata moja iliyoshonwa na mama yetu. Zote ziliuzwa.

Tulidhani hiyo ndiyo kazi yake: kushona, kupika, kuamka kabla ya Alfajiri kukanda unga wa mahamri. Hata tulipokaa mbele ya masheikh kusoma fiqhi, tulipita juu ya mas'ala moja pasi na kuizingatia. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, kupika, kufua na kufagia si wajibu wa mke kisheria. Imamu Nawawi, anaposherehesha hadithi ya Bi Asmaa binti Abubakar, aliyekuwa akimlisha farasi wa mumewe Zubeir na kujitwika kokwa za tende kichwani kutoka shambani, asema kuwa kazi za namna hiyo ni wema na hisani ya mwanamke; hazikumlazimu.

Basi tutafakari. Lau lingekuwa deni, mama angelilipa na maneno yakaisha. Lakini ni hiba, na mtu aliyepokea hiba kila siku kwa miaka 20 ana uso gani wa kulalamikia mchuzi ulioungua? (Kina baba wenzetu, hapa tunajisemea wenyewe kwanza.)

Imamu Shafi mwenyewe alizaliwa Gaza mwaka wa 150 Hijria, na baba yake akafariki yeye angali mchanga. Mama yake akamchukua hadi Makka. Hakuwa na cha kumlipa mwalimu, na mwalimu akaridhika mtoto awe akimshikia darasa kila anapoondoka. Elimu tunayojinasibisha nayo ilianza kwa mjane fukara.

Siku hizi watoto wengi hutuma pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi, wakajiona wamemaliza. Pesa si haba, na wapo wasiotuma hata hizo. Lakini juzi tulipokwenda kumzuru mama yetu na bahasha yetu ya kawaida, aliiweka chini ya mto bila kuitazama, kisha akatutaka tumtungie uzi. Macho yake hayaoni tena tundu ya sindano, na kushona hakubali kuacha. Tukamtungia sindano kumi, zimtoshe wiki nzima. Ilikuwa zamani sana tangu tukae naye muda kama ule, na ndipo akatueleza ni kofia ipi iliyolipa juzuu yetu ya kwanza.

Ambao mama zao wametangulia mbele ya haki, Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa wema kwa wazazi baada yao ni kuwaombea maghufira na kuwakirimu rafiki zao. Rafiki za mama zetu wangali hai wengi, katika mitaa hii hii, na baadhi yao wanaishi peke yao.