Usiku Mmoja Ufukweni Liuli: Saa za Hatari na Kinga Zake

Liuli iko upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa, kaskazini mwa Mbamba Bay, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mkoani Ruvuma. Ni mahali panapofaa familia na marafiki kupiga kambi: pana mchanga, pana maji ya kuogelea, pana samaki wa kuchoma, na Jiwe la Pomonda la kuzuru. Anayetoka Mbinga mjini huteremka kutoka nyanda za juu za Umatengo, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hadi ziwani, kwenye mita 470 hivi.

Mteremko huo una maana kubwa kiafya. Kimelea cha malaria hakikui ndani ya mbu pale joto linaposhuka chini ya nyuzi 18 hivi, kwa hiyo malaria hupungua kadiri mtu anavyopanda mlima. Watu wa nyanda za baridi hukutana na ugonjwa huo mara chache, na miili yao haina kinga ya kutosha ya kuukabili. Watoto wao wakilala usiku mmoja tu ufukweni bila chandarua wanaweza kuugua vikali kuliko watoto waliokulia kando ya ziwa.

Hata hivyo, hatari za usiku mmoja ufukweni zinahesabika, na karibu zote zina saa zake na mahali pake. Vimelea vya kichocho huwa vingi majini mchana. Viboko hutoka majini giza likiingia. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku wa manane. Kambi ikipangwa kwa kufuata saa hizo, hatari nyingi huepukika bila gharama kubwa.

Mahali pa kusimika hema

Ghuba ya Liuli imekingwa na miamba. Wajerumani waliifanya bandari na kuiita Sphinxhafen, kwa kuwa mwamba wake mmoja unafanana na sanamu ya Sphinx ya Misri. Hapo ndipo tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilipoishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo.

Kinga hiyo iliyowafaa mabaharia huwafaa pia waogeleaji. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki, unaoitwa mwera, huvuma kwa nguvu kwenye ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550, na mawimbi hupata nafasi ndefu ya kukua kabla ya kufika ufukweni. Ndani ya ghuba maji hutulia. Lakini maji yakitulia, viumbe wengine nao hunufaika: konokono wa kichocho hustawi kwenye maji matulivu yenye magugu, na mbu hutaga kwenye madimbwi na vinamasi vya pembeni. Anayechagua mahali pa kambi hupima mambo hayo mawili pamoja. Panapofaa ni ufukwe wenye mchanga safi, usio na magugu wala matete, uliojitenga na midomo ya mito na mifereji, na usiopigwa moja kwa moja na mawimbi makubwa.

Hema husimikwa mbali na maji, mahali palipoinuka kidogo, pasipo na njia za viboko. Njia hizo hutambulika kwa majani yaliyolazwa, udongo uliokanyagwa na kinyesi kilichotapakaa. Kiboko hula nchi kavu usiku na kurudi majini kwa njia ileile, na huwa hatari sana anapokuta kitu kimemzibia njia ya kurudi. Wenyeji, hasa wavuvi, ndio wanaojua viboko na mamba wameonekana wapi wiki hiyo. Kuwauliza ni hatua ya kwanza ya usalama.

Choo huchimbwa upande wa pili wa kambi, angalau mita 60 kutoka ukingo wa maji, na hufukiwa kila kinapotumika. Kinyesi kinachoachwa ufukweni huoshwa na mvua hadi ziwani na kubeba vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Mkojo nao hauendi majini, kwa sababu inayoelezwa hapa chini.

Mchana: jua na kichocho

Kichocho cha mkojo, ambacho mdudu wake ni Schistosoma haematobium, ndicho kinachojulikana zaidi katika Ziwa Nyasa. Mzunguko wake huanza mgonjwa anapokojoa majini. Mayai yaliyomo kwenye mkojo huanguliwa, na vimelea vinavyotoka huingia ndani ya konokono wa jamii ya Bulinus. Humo huzaana kwa wiki kadhaa. Kisha kila siku konokono mmoja huweza kutoa vimelea vipya mamia hadi maelfu, kila kimoja kikiwa na mkia uliogawanyika nchani na umbo dogo lisilozidi milimita 1. Vimelea hivyo huogelea vikitafuta ngozi ya binadamu, na vikiipata huipenya kwa dakika chache. Havihitaji kidonda wala jeraha.

Mwanga na joto ndivyo vinavyomchochea konokono kuviachia, na kilele chake huwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Saa hizo ndizo pia za jua kali kuliko zote. Mchanga mkavu wa ufukweni huakisi takriban asilimia 15 ya mionzi ya urujuanimno, hivyo hata aliyekaa chini ya mwavuli huchomwa kutoka chini. Saa hizo zinafaa kwa kivuli kizito, chakula na mapumziko, na si kwa kuoga. Watu wenye ualbino huhitaji zaidi ya kivuli: nguo za mikono mirefu, kofia pana na mafuta ya kukinga jua yanayopakwa tena kila baada ya saa mbili.

Kuepuka saa za kilele hupunguza hatari ya kichocho, lakini hakuimalizi. Kimelea kinaweza kuishi majini hadi siku mbili, ingawa nguvu yake hupungua. Maji kuwa meupe hadi mchanga wa chini ukaonekana nako si uthibitisho wa usalama. Uchunguzi uliofanywa upande wa Malawi, kusini mwa ziwa, ulionyesha kwamba konokono aitwaye Bulinus nyassanus huishi kwenye mchanga wa wazi usio na magugu na huambukiza kichocho. Ugonjwa uliongezeka huko baada ya samaki wala konokono kuvuliwa kupita kiasi. Mmoja wao, Trematocranus placodon, ana meno mapana kooni ya kusagia magamba ya konokono. Samaki huyo akitoweka karibu na ufukwe, konokono huongezeka, na kichocho huongezeka pamoja nao.

Kwa maji ya kuoga kambini kuna njia rahisi. Maji yaliyotekwa na kuhifadhiwa kwenye chombo kisicho na konokono kwa siku mbili hayana tena vimelea vyenye uwezo wa kuambukiza, na yaliyopashwa moto hadi nyuzi 50 kwa dakika tano ni salama pia. Kujifuta kwa nguvu kwa taulo mara baada ya kutoka ziwani kunaweza kusaidia kidogo, ila hakutegemewi peke yake. Maji ya kunywa huchemshwa yatokote kwa dakika moja kamili au hutiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Jioni: ukingo wa maji na chakula

Jua likizama, kuoga na kuosha vyombo ziwani hukoma. Mamba wa Nile huwinda zaidi jioni na usiku, akivizia kwenye maji ya kina kifupi, hasa karibu na midomo ya mito. Ndoo za maji ya usiku hujazwa mapema, kukiwa bado na mwanga.

Kuzama majini nako kuna tabia isiyojulikana na wengi: mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono. Mdomo wake uko majini, na nguvu zote zinakwenda katika kutafuta pumzi. Mtoto hupotea kimya, hatua chache kutoka kwa watu wazima wanaozungumza. Kwa sababu hiyo kundi humteua mtu mzima mmoja wa kuwaangalia watoto kwa zamu, asiyekunywa pombe na asiyeshika simu. Kwenye mtumbwi kila mmoja huvaa jaketi la kuokolea maisha. Aliyeopolewa akiwa hapumui haning'inizwi miguu juu wala hakandamizwi tumbo. Huanza kupuliziwa pumzi mdomo kwa mdomo, kisha kifua hukandamizwa mara 30 kwa kila pumzi 2, huku msaada ukiitwa.

Samaki waliotoka ziwani asubuhi hawakai juani hadi usiku. Bakteria huzaana upesi kati ya nyuzi joto 5 na 60, kwa hiyo dagaa wabichi, magege, nyama na wali uliopikwa haviachwi nje zaidi ya saa mbili. Samaki huchomwa hadi nyama itoke kwenye mfupa kwa urahisi. Kipande cha sabuni na ndoo yenye bomba karibu na mahali pa kulia husaidia sana kuzuia kuhara.

Usiku: upepo, mbu na moto

Usiku upepo hugeuka. Mchanga, mawe na vilima hupoa upesi kuliko maji, na hewa ya nchi kavu ikipoa huwa nzito, ikateremka kuelekea ziwani. Kwa hiyo moto hukokwa upande wa ziwa, mahema yakibaki upande wa nchi kavu, ili moshi na cheche visiingie ndani. Upepo huo huendelea hadi asubuhi, na ndio unaowasukuma mbali na ufukwe watoto wanaoelea juu ya tyubu za magari. Tyubu hazifai ziwani asubuhi, hata maji yakionekana kama kioo.

Mbu jike wa Anopheles huanza kuuma jioni, na kilele chake huwa kati ya saa nne usiku na alfajiri. Humfuata mtu kwa hewa ya kaboni dioksidi anayoitoa puani, kwa joto la mwili na kwa harufu ya ngozi. Moshi wa moto hupunguza mbu kidogo, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya chandarua. Hema lenye wavu mzima na zipu inayofunga vizuri ni kinga nzuri, mradi lifungwe kabla ya giza na mbu waliomo ndani wauawe. Anayelala chini ya turubai huhitaji chandarua chenye dawa, kilichochomekwa chini ya godoro au mkeka pande zote. Wanaokaa nje kuzungumza huvaa suruali, soksi na mikono mirefu, na kujipaka dawa ya kufukuza mbu. Wajawazito na watoto chini ya miaka mitano huingia ndani kwanza.

Miezi ya Juni na Julai baridi ya alfajiri huwashawishi watu kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema. Kitendo hicho huua. Mkaa unaowaka penye hewa kidogo hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamki. Jiko lililofunikwa na majivu na kuonekana limezimika bado huitoa. Baridi huzuiwa kwa blanketi, nguo kavu, na godoro au mkeka mzito wa kutenganisha mwili na ardhi. Mwenye sikoseli huhitaji uangalizi wa ziada, kwa kuwa baridi, upungufu wa maji mwilini na malaria vyote vinaweza kumwanzishia maumivu makali.

Kabla ya kulala moto huzimwa kwa maji. Makaa yaliyofukiwa mchangani hukaa na joto kwa saa nyingi bila kuonekana, na asubuhi mtoto akikanyaga hapo pekupeku huungua nyayo.

Asubuhi

Viatu hukung'utwa kabla ya kuvaliwa, kwa sababu nge na nyoka hujificha humo. Aliyeumwa na nyoka hutulizwa, kiungo chake hakitikiswi, na hupelekwa hospitali bila kuchanjwa wala kufyonzwa jeraha. Liuli kuna Hospitali ya Mtakatifu Anne ya Kanisa Anglikana. Mkuu wa msafara anapaswa kujua tangu mchana njia ya kuifikia na gari litakalotumika usiku.

Nyakati za mwezi mwandamo ziwani huonekana mawingu meusi kama moshi. Hao ni kungu, wadudu wadogo wanaotoka majini kwa mamilioni. Hawaumi wala hawaambukizi ugonjwa, ila wingi wao unaweza kumsumbua mwenye pumu, ambaye hukaa ndani ya hema au gari hadi wapite.

Wiki zinazofuata

Homa ya siku inayofuata safari si malaria ya usiku ule. Kimelea huchukua angalau siku 7, na mara nyingi siku 10 hadi 15, kabla ya dalili kuanza. Homa inayokuja kati ya wiki ya pili na ya nne ndiyo ya kutiliwa shaka, na hupimwa siku hiyohiyo. Mtoto anayetapika kila kitu, anayedegedeka au kulegea hawahishwi dukani kununua dawa bali hospitali.

Kichocho huja polepole zaidi. Wageni wasiowahi kuambukizwa wanaweza kupata homa, kikohozi na vipele wiki chache baada ya kuoga. Wengine hawaoni chochote hadi mkojo unapokuwa na damu, na kichocho kilichoachwa miaka mingi huharibu kibofu na viungo vya uzazi. Dawa yake, praziquantel, huua minyoo iliyokomaa lakini si michanga. Ndiyo maana kipimo na matibabu huwa na maana zaidi baada ya wiki sita hadi nane tangu kuoga ziwani.

Anayeugua baada ya safari aanze kwa kumweleza mhudumu wa afya kwamba alilala ufukweni Ziwa Nyasa, alioga, na tarehe yake. Awe Songea, Dar es Salaam au popote pale, maelezo hayo mafupi ndiyo yatakayomfanya mhudumu apime malaria na kichocho bila kuchelewa.