TRELA NYEPESI KWA GARI DOGO: KUVUTA SI KAZI, KAZI NI KUSIMAMA

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa heshima zote, katika jambo hili la trela nitawapinga wazee wetu kidogo. Asiyechagua trela yake vizuri huenda asifike kambini.

Wasomaji wapenzi, zipo familia zinazopenda kupiga kambi Naivasha, Hell's Gate ama kandokando ya Ziwa Elementaita. Gari lao ni dogo, labda Vitz ama Demio. Watu watano wakishaingia, hema na magodoro yatakaa wapi? Ndipo baba anaanza kuwaza trela, naye huuliza, "Gari letu litaivuta kweli?" Swali hilo ni zuri lakini si la kwanza. Kwenye barabara tambarare hata injini ndogo huvuta. Swali la kwanza ni hili: gari litaweza kuisimamisha?

Hebu tupige hesabu. Tuseme gari na abiria wake ni kilo 1,200. Ukifunga nyuma trela ya kilo 400 isiyo na breki zake yenyewe, breki za gari sasa zinasimamisha kilo 1,600. Kazi imeongezeka kwa theluthi moja, na breki ni zile zile. Sasa teremka nayo ile barabara ya Limuru hadi Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano miaka ya 1940. Trela inasukuma gari kutoka nyuma. Dereva akikanyaga breki bila kupumzika, zinapata moto na nguvu zake zinapungua. Hapo ndipo kuna kazi!

Basi uchague ipi? Kuna aina tatu. Ya kwanza ni trela ya mizigo ya kawaida, ambayo hata fundi wa jua kali huitengeneza. Unabeba hema ndani yake na kulisimamisha ukifika. Ya pili ina umbo la tone la chozi. Trela hizi zilipata umaarufu Marekani kuanzia miaka ya 1930. Watu wawili hulala ndani, na jiko liko nyuma chini ya kifuniko. Ya tatu ni karavani, nyumba kamili juu ya magurudumu. Hiyo ni nzito na ndefu kwenda juu, upepo huikamata. Mwenye gari dogo aiache.

Jambo la pili ni uzito. Muuzaji akikuambia trela ni kilo 280, anakuambia uzito wa trela tupu. Lakini nani huenda kambini na trela tupu? Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo mitungi miwili ya lita 20 ni kilo 40. Mtungi wa gesi ya kilo 6 una gesi ya kilo 6, chuma chake hakijahesabiwa! Ongeza hema, magodoro, sufuria na chakula. Kumbe kilo 280 zimekaribia 400. Hesabu trela ikiwa imejaa.

Huko Uingereza sheria inasema kwamba trela isiyo na breki, pamoja na mizigo yake, isizidi kilo 750 ama nusu ya uzito wa gari linaloivuta, ile iliyo ndogo. Gari la kilo 1,000 basi mwisho wake ni kilo 500. Sisi si Waingereza, lakini mteremko hauulizi mtu kabila. Vilevile soma kitabu cha gari. Magari yetu mengi hutoka Japani, na kitabu huwa cha Kijapani, kwa hivyo tafuta wa kukusomea. Kikitaja kilo chache zaidi, fuata kitabu. Kikisema gari lisivute kitu, mambo yameishia hapo.

La tatu ni kupanga mizigo. Vitu vizito viwekwe chini, karibu na ekseli, na mbele yake kidogo. Waingereza hushauriwa kwamba asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa trela ikalie gari. Kwa trela ya kilo 400, hiyo ni kilo 20 hadi 28. Unaweza kupima kwa mizani ya bafuni, ukiweka pua ya trela juu yake. Uzito ukikaa nyuma, trela huanza kuyumba huku na huku kama mkia wa mbwa. Ikiyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala usiongeze mafuta. Toa mguu, shika usukani sawa, uache mwendo upungue wenyewe.

Mwisho, kabla ya kulipa pesa, kagua haya:
1. Kichwa cha chuma cha gari na kikombe cha trela viwe vya kipimo kimoja. Vingi ni milimita 50. Visipolingana, trela huweza kuchomoka.
2. Kuwe na mnyororo wa usalama.
3. Taa za breki na indiketa ziwake.
4. Trela iwe na namba yake ya usajili. Hapa Kenya huanza na herufi Z.
5. Magurudumu madogo huzunguka mara nyingi zaidi, kwa hivyo beringi ziwe na grisi ya kutosha.

Trela ndogo si kitu cha kuogopa. Humwezesha mwenye gari dogo kuwaonyesha watoto wake nchi yao. Lakini wanaobebwa na gari hilo ni mama, baba na ndugu zetu wadogo. Ukifika juu ya mteremko, ingiza giya ndogo tangu mwanzo, uwaache wenye haraka wapite. Kawia ufike.