Kamera Iwe ya Mwisho Kununuliwa

Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, watawala wa Afrika Mashariki ya Kijerumani waliishiwa sarafu. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga njia ya bahari, na shehena kutoka Ulaya zilipita kwa nadra sana. Karakana ya reli huko Tabora ikageuzwa kiwanda cha kufua sarafu. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikayeyushwa, na zikatoka sarafu za rupia 15 zenye tembo aliyeinua mkonga upande mmoja na tai wa Kijerumani upande wa pili.

Leo wakusanyaji huigawa sarafu hiyo katika aina mbili. Kwenye aina moja, nakshi ya upande wa kulia huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA. Kwenye nyingine huishia chini ya A inayofuata. Tofauti yote ni hiyo, na sarafu nzima ina kipenyo cha takribani milimita 22. Muuzaji akituma picha yenye ukungu, mnunuzi hawezi kujua anauziwa ipi.

Anayeanza kupiga picha za sarafu kwa kawaida hukimbilia kamera ya bei mbaya. Halafu anashangaa: uso wa mtawala umemezwa na weupe, maandishi yamezama gizani, na katikati ya sarafu kuna kivuli cha mkono wake mwenyewe. Kosa si la kamera. Madini yaliyong'arishwa hufanya kazi ya kioo, yaani huonyesha chochote kilicho mbele yake. Wataalamu wa zamani waliujua vizuri usumbufu huo. Hata karne ya 20 ilipoingia, wengi wao walikuwa bado wakitengeneza nakala ya sarafu kwa plasta na kuipiga picha nakala hiyo, kwa sababu plasta haing'ai.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye taa. Taa mbili za mezani zenye shingo za kupinda zinatosha, mradi balbu za LED ziwe za aina moja na rangi moja. Ukiifikiria sarafu kama uso wa saa, taa moja ikae upande wa saa nne na nyingine upande wa saa nane, yaani kwenye tarakimu 10 na 2, zikiwa juu kidogo. Taa zikiteremshwa, vivuli hurefuka na michongo huinuka. Zikipandishwa, uso hung'aa zaidi lakini michongo hulala.

Kila madini yana matakwa yake. Pesa za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar, zenye picha ya mizani na mwaka wa Kiislamu 1299, yaani 1882, nyingi zimekuwa za kahawia kwa kupita mikononi. Hizo hazina mng'ao wa kusumbua, kwa hiyo taa ikiteremshwa chini herufi za Kiarabu zilizolika hujitokeza tena. Shilingi 25 za fedha za mwaka 1974, zilizotolewa na Tanzania kwa ajili ya hifadhi ya wanyama, ni kinyume chake. Kwenye toleo lake lililong'arishwa maalumu kwa wakusanyaji, twiga wamesimama juu ya uso laini kama kioo. Hapo taa za pembeni huuacha uso huo mweusi. Dawa yake ni kipande cha kioo safi cha dirisha, kilichoegemezwa kwa nyuzi 45 kati ya lenzi na sarafu. Taa hupigwa kutoka ubavuni, kioo huurusha mwanga moja kwa moja chini, na lenzi huchungulia kupitia kioo hichohicho.

Kinachofuata ni utulivu. Stendi nzuri kwa kazi hii ni ubao tambarare wenye nguzo wima, kamera ikifungwa juu yake kutazama chini. Ikiinama hata kidogo, upande mmoja wa sarafu utapoteza makali. Kuipima ni rahisi: weka kioo kidogo mahali pa sarafu, kisha utazame kupitia kamera. Ukiona lenzi inajitazama katikati kabisa ya picha, imenyooka. Baada ya hapo tumia kipima muda cha sekunde mbili, ili mtikisiko wa kidole upite kabla picha haijapigwa.

Lenzi inayofaa ni ya makro, inayoweza kuionyesha sarafu kwenye kihisi cha kamera kwa ukubwa wake halisi. Urefu wa milimita 100 una faida kuliko 50, kwa sababu lenzi hukaa mbali na sarafu na taa zikapata nafasi ya kupenya. Tundu la lenzi likiwa kwenye f/8, sarafu nzima huwa na makali. Ukilibana hadi f/22 picha huanza kulegea. Asiyeimudu lenzi hiyo anaweza kuanza na mirija ya kurefusha, inayofungwa kati ya kamera na lenzi aliyonayo.

Na kamera? Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Sarafu ikijaza kimo cha picha, hiyo ni takribani pikseli 4,000 kutoka ukingo hadi ukingo, nyingi kuliko skrini ya kawaida ya kompyuta inavyoweza kuonyesha kwa mara moja. Kamera iliyotumika ya miaka kumi iliyopita inatosha kabisa. Hata simu huweza kufanya kazi hii ikilazwa juu ya marundo mawili ya vitabu, flashi ikizimwa. Ila isisogezwe karibu mno, maana itaiziba taa. Ni afadhali kuiinua na kukuza mara mbili.

Kabla ya yote hayo, sarafu isisuguliwe. Dawa ya meno, ndimu na majivu huondoa uchafu pamoja na ngozi ya madini, na thamani huondoka navyo. Ishikwe kwa ukingo tu.

Ukingo wenyewe nao hudai picha yake. Reale ya Maria Theresa, ambayo watu wa pwani waliiita reale ya Sham, ina mwaka 1780 hata pale ilipofuliwa karne moja na zaidi baadaye, Vienna, London au Bombay. Kujua imetoka wapi hutegemea vitu kama lulu za bruchi iliyo begani mwa malkia, na wanunuzi huhesabu moja moja. Pembeni, kuzunguka unene wake, yamechongwa maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma. Kuyapata yote, reale husimamishwa wima kwenye donge la udongo wa watoto wa kufinyangia lililofunikwa karatasi, taa moja ikashushwa hadi usawa wa meza, na sarafu ikazungushwa kidogo kidogo, picha baada ya picha.