Si kila ugonjwa umetumwa na mchawi



Baba wa jamaa anaanguka ghafula. Mdomo umepinda, mkono mmoja hauinuki. Kabla hajafika hospitalini, watu wanaulizana: nani amemloga? Mama mzee wa jirani anaanza kutazamwa vibaya. Lakini mara nyingi aliyempiga baba yule ni tansion, iliyopanda miaka mingi bila kupimwa.

Tuangalie namna maisha yetu yamegeuka. Wengi wetu tuliacha mashamba Masisi ao Rutshuru kwa sababu ya vita. Kule tulitembea na kulima kila siku, tukakula maharagi na lenga-lenga. Leo, hapa Goma, tunakaa kwenye meza ya biashara tangu asubuhi, tunapanda pikipiki hata kwa safari fupi. Chakula ni cha kununua: makayabu, kibi mbili tatu ndani ya sahani moja, na sukre ya kushushia. Usiku usingizi hauji, tunawaza kodi ya nyumba na minervali ya watoto.

Chumvi nyingi huvuta maji ndani ya damu, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mahangaiko nayo hukaza mishipa. Mshipa wa ubongo ukiziba ao kupasuka, mtu anapooza. Figo na macho pia huharibika.

Hatusemi hivi ili kumhukumu mgonjwa. Mama anayeuza ndizi barabarani hakuchagua vita. Tena, wengine wamezaliwa katika jamaa zenye ugonjwa huu.

Lakini tuseme ukweli juu ya jambo moja. Kuna ndugu wanaotupa dawa baada ya maombezi, kwa kuwa hawasikii maumivu. Tansion inaweza kupanda sana bila maumivu yoyote! Ni mashini ya kupimia tu inayoionyesha, na ikibaki 140 kwa 90 ao zaidi, mganga lazima ajue. Asiyemeza dawa hajaonyesha imani kubwa kuliko wengine. Luka alikuwa mganga, na Paulo alimwita mpendwa (Wakolosai 4:14). Eliya alipochoka hata kutamani kufa, Mungu alimpa kwanza usingizi, mkate na maji, ndipo akasema naye (1 Wafalme 19).

Basi tufanye haya. Chumvi ya siku nzima isipite kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya kibi na makayabu. Tutembee nusu saa, siku tano kwa juma. Maji yachukue nafasi ya sukre. Mwenye mzigo moyoni asibebe peke yake, awaambie wazee wa kanisa.

Na juma hili, kila mmoja amshike ndugu mmoja mkono, waende pamoja kituo cha afya kupimwa. Tutaombea dawa, hatutaitupa. Na yule mama mzee, tumsalimie kwa amani.

Mungu awabariki.