Moyo Waweza Kufichua Siri ya Mkono Unaotetemeka

Hebu mtazame mzee wako leo akiwa ameketi. Je, mkono wake mmoja unatetemeka ukiwa umetulia pajani, kisha unaacha anaponyanyua kikombe? Je, hutembea kwa hatua fupi, mkono ukining'inia bila kupunga? Usikimbilie kusema ni uzee, wala usimshuku jirani kuwa amemroga. Huenda ni ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la daktari Mwingereza James Parkinson, aliyeueleza mwaka wa 1817.

Ugonjwa huu hutokea wakati chembechembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kusonga bila taabu, zinapokufa pole pole. Shida ni kwamba kuna magonjwa mengine yanayofanana nao kama shilingi kwa ya pili. Hata baadhi ya dawa za kuzuia kutapika au za maradhi ya akili zaweza kumfanya mtu atetemeke na kukakamaa. Daktari akikosea, mgonjwa atameza dawa zisizomfaa.

Hapo ndipo moyo unapoingia. Utauliza, ubongo na moyo ni wapi na wapi? Jibu ni kwamba Parkinson haishambulii ubongo peke yake. Huharibu pia neva zinazouamrisha moyo kwenda mbio unaposhtuka.

Katika kipimo hiki, mgonjwa hudungwa sindano ya dawa iitwayo MIBG, iliyotiwa iodini kidogo inayotoa miale. Neva hizo huipokea zikidhani ni kemikali yao. Kamera maalum hupiga picha ya kifua baada ya dakika 15 hadi 30, kisha tena baada ya saa tatu au nne. Neva zikiwa nzima, moyo hung'aa pichani. Zikiwa zimekufa, mahali pa moyo huwa kama pamezimwa taa. Kwa aliyeletewa mtetemeko na dawa tu, moyo kwa kawaida hung'aa.

Madaktari wa Japani wamekitumia kipimo hiki kwa miaka mingi. Mwaka wa 2015, wataalamu wa kimataifa walikitaja miongoni mwa mambo yanayounga mkono utambuzi wa Parkinson.

Lakini usidhani picha hiyo haikosei. Kisukari, moyo uliodhoofika na baadhi ya dawa za presha au za huzuni zaweza kuivuruga. Ugonjwa ukiwa mchanga, picha yaweza kuwa safi. Ndiyo maana daktari huanza kwa kumwangalia na kumsikiliza mgonjwa.

Wewe unaweza kumsaidia. Andika dalili zilianza lini. Je, mzee hasikii tena harufu ya chakula? Hufunga choo? Hupiga mateke usingizini? Beba dawa zake zote hospitalini, lakini usimwachishe hata moja kabla ya daktari kusema.

Wahenga walinena, dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu haya usiyapuuze.