Spika za Mzee wa Gisenyi: Kipuri cha Asili au Sauti ya Asili?

Mtu anayeingia Gisenyi kwa barabara itokayo Musanze huteremka mteremko mrefu, na kabla hajafika mjini huliona Ziwa Kivu limetanda mbele yake, na mji wa Goma umeungana na Gisenyi hata asiweze kutambua nchi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Katika mtaa mmoja usio mbali na kivuko kiitwacho Mpaka Mdogo, ambapo mwaka 2019 maelfu ya watu walikuwa wakivuka kila siku kwa miguu na mizigo kichwani, alikuwapo fundi wa redio mwenye kibanda cha mbao na sifa njema. Humo ndimo mwandishi wa makala haya alimoitwa aamue ugomvi ambao mwanzoni aliudhani kuwa mdogo.

Sakafuni zilikuwa zimesimama spika mbili, kila moja kimo chake karibu mita moja, mbao zake zimefifia na kitambaa cha mbele kimetoboka. Zilikuwa Tannoy za aina ya Arden, aina iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1976. Mwenyewe, mzee wa miaka 78, alizinunua Goma mwaka 1980 kwa mnunuzi mmoja wa kahawa aliyekuwa akifunga biashara yake. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipopasuka na uji wa moto ukapita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani, mzee huyo alikuwa miongoni mwa mamia ya maelfu waliokimbilia Gisenyi. Watu walibeba watoto, magodoro na vyungu. Yeye alirudi kwa ajili ya spika, akazifunga kamba juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo watu wa Goma huisukuma kwa kubebea viazi na makaa, akazivusha mpaka. Moja ilianguka njiani, nayo ina kovu ubavuni lenye urefu wa kiganja.

Sasa zilikuwa bubu. Ukizigusa kwa umeme zilikoroma kama mtu mwenye kifua, kisha zikanyamaza.

"Afande," alisema fundi, "mimi nang'oa vyote vya ndani, natia spika mpya za inchi kumi na tano. Kesho jioni Mzee anasikiliza muziki."

"Hapana," alijibu mzee bila kumtazama. "Kitakachoingia humo kiwe kimetoka kiwandani kwake. Kama sivyo, zibaki kimya, mwanangu."

Wala hakuwa anasema kwa hasira tu. Kwa msaada wa mwanawe alikwisha kumpata muuzaji huko Ulaya, mwenye jozi ya spika za aina ileile zilizong'olewa katika makasha mengine, na bei yake pamoja na usafirishaji ilikuwa sawa na bei ya ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Ng'ombe huyo alikuwapo zizini, na mnunuzi wake alikwisha kupatikana. Msomaji anayejua heshima ya ng'ombe katika nyumba ya Kinyarwanda ataelewa kwamba hapo hapakuwa na mchezo.

Kabla ya kusema nilivyoamua, yafaa nieleze kidogo juu ya vyombo hivi, maana historia yake inatugusa sisi wa ukanda huu kuliko watu wengi wanavyodhani. Kampuni ya Tannoy ilianzishwa London mwaka 1926 na Guy Fountain, nayo ilianza kwa kutengeneza vifaa vya kuchajia betri za redio. Ndani ya vifaa hivyo mlitumika mchanganyiko wa madini ya tantali, na jina Tannoy ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yanayotaja mchanganyiko huo. Tantali ndiyo itolewayo katika koltani, madini yanayochimbwa Rwanda na ng'ambo ya pili huko Rubaya, magharibi ya Goma. Basi mzee wetu alikuwa akisukuma juu ya chukudu chombo chenye jina la jiwe lililokuwa chini ya miguu yake.

Kisa cha sumaku ni kizito zaidi. Spika yoyote ya kawaida hufanya kazi kwa njia moja: koili ya waya mwembamba imening'inia ndani ya upenyo wa sumaku, umeme wa muziki ukipita katika koili, koili husogea mbele na nyuma, nayo huisukuma koni ya karatasi, na koni huisukuma hewa. Katika spika za zamani zilizo bora sumaku ilikuwa ya alniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma, na katika aina iliyotumika sana kobalti ilikuwa takriban robo ya uzito wote. Kobalti ya dunia ilitoka zaidi Zaire, katika jimbo la Shaba. Mwezi Mei 1978 waasi waliokuwa wametokea Angola waliuteka mji wa Kolwezi, na tarehe 19 Mei askari wa miavuli wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa wakadondoshwa juu ya mji huo. Sisi askari tumezoea kuisoma Kolwezi kama somo la operesheni za miavuli. Huko viwandani ilisomwa vingine: kabla ya mwaka kwisha bei ya kobalti ilikuwa imepanda kwa zaidi ya mara mbili, ikaendelea kupanda mwaka uliofuata, na watengenezaji wa spika wa Ulaya na Marekani wakaanza kuhamia kwenye sumaku za feriti, ambazo hazina kobalti. Arden za mwanzo zilikuwa na alniko; za baadaye zikawa na feriti. Tulipofungua spika za mzee tulikuta alniko.

Hapo ndipo shauri la fundi lilipoanza kupoteza nguvu. Aidha, ujenzi wa spika hizi si kama wa nyingine. Tangu mwaka 1947 Tannoy wamekuwa wakitengeneza spika mbili zilizo moja: ile ya sauti nyembamba imefichwa nyuma, na sauti yake hupita katika tundu la katikati ya sumaku, kisha hutawanywa na koni ya sauti nzito, ambayo ndiyo inayokuwa mdomo wa tarumbeta. Ukibadili koni umebadili nzito na nyembamba kwa pamoja. Na ukitia hiyo spika mpya ya inchi kumi na tano ya kwenye matamasha, utapata kishindo, lakini matoazi na nyuzi za juu za gitaa utazisikia kama zimefunikwa blanketi. Kasha nalo lilipimwa kwa ajili ya koni ile, pamoja na matundu yake ya kupumulia. Nilimwambia fundi hayo yote, naye akanyamaza, kisha akasema jambo la kweli: "Sawa, Afande. Lakini hizo anazotaka kununua Mzee nazo ni za mwaka gani?"

Naam, hilo ndilo swali. Neno "asili" lina uwezo wa kumpumbaza mtu mzima. Mimi mwenyewe nilipumbazwa nalo. Miaka michache baada ya kutoka chuo cha maafisa, katika kikosi kimoja nisichokitaja, nilikabidhiwa kipaza sauti cha zamani cha uwanja wa gwaride, nikaambiwa kitengenezwe kabla ya sherehe. Nikajivunia kupata ghalani kapasita za kiwanda kilekile, zingali katika boksi lake, hazijaguswa kwa miaka thelathini. Zilitiwa. Mgeni rasmi aliposimama na kusema maneno matatu, kulisikika mlio kama wa bastola ndogo, moshi ukatoka, na hotuba iliyobaki ilitolewa kwa mdomo mtupu mbele ya watu elfu moja. Kapasita za aina ile zina maji ya kemikali ndani, nayo hukauka hata zikilala kabatini. Kilichokuwa kipya ni boksi.

Spika alizotaka kununua mzee zilikuwa na ugonjwa huohuo. Ukingo unaoishika koni katika aina hii ni wa povu, na povu hilo huliwa na hewa na unyevu hata likawa unga. Za mzee zilikuwa zimekwisha kabisa; ukigusa, vidole vinatoka vyeusi. Za huko Ulaya, kama zilikuwa za asili kweli, zilikuwa na povu la umri uleule, na kama povu lilikuwa jipya, basi lilikuwa limebadilishwa na fundi fulani, na mzee angekuwa amemuuza ng'ombe wake ili anunue kazi ambayo fundi wa Gisenyi angeweza kuifanya. Zaidi ya hayo, ili apate jozi moja ya asili, jozi nyingine ilikuwa imekwisha kuchinjwa. Jeshini tunaijua sana tabia hii ya kung'oa kifaa cha gari moja ili lingine litembee. Mwisho wa mwaka unakuwa na gari moja linalotembea na mifupa ya manne.

Kwa hiyo niliwaomba tuache kuuliza kipuri kimetoka wapi, tuulize kila kimoja kazi yake ni nini. Sumaku, koni, koili na kasha ndizo sauti yenyewe. Hizo zisiguswe maadamu ni nzima. Povu, gundi na kapasita ni kama viatu: mtengenezaji mwenyewe alijua kwamba vitaisha. Humo tuweke vipya, ila vyenye kipimo cha vile vya zamani. Mzee aliuliza kwa utaratibu, "Na wewe utajuaje kwamba koni ni nzima?" Nilimwambia mita itatujibu, na masikio yake.

Kazi ilichukua siku nne. Fundi alipima koili kwa mita, zote zikawa hai. Aliikandamiza koni taratibu kwa vidole pande zote, tukasikiliza kama koili inakwaruza. Spika moja ilikwaruza kidogo, kwa sababu povu lilikuwa limeachia upande mmoja. Nilimsihi asiifungue sumaku kwa hali yoyote, maana alniko ikitenganishwa na chuma kinachoizunguka hupoteza sehemu ya nguvu yake papo hapo, na hapa Gisenyi hapana mashine ya kuirudishia. Kapasita zilifunguliwa mguu mmoja mmoja na kupimwa. Zilizokutwa zingali katika kipimo chake ziliachwa. Zilizopotoka zilibadilishwa kwa nyingine mpya zilizopatikana Kigali. Swichi za kurekebishia sauti nyembamba zilikuwa na kutu, zikasafishwa. Vyote vilivyotolewa, hata unga wa povu, vilitiwa katika bahasha na kuandikwa tarehe na mahali vilipokuwa, nayo ikagundishwa ndani ya kasha. Hilo ni deni la mafunzo yangu: kinachotoka ghalani huandikwa.

Palitokea ubishi mmoja tu. Fundi alitaka ukingo wa mpira badala ya povu kwa kuwa mpira hudumu zaidi. Alikuwa na haki, lakini mpira ni mzito zaidi, nao hubadilisha mwendo wa koni. Povu litakwisha tena baada ya miaka kumi na mitano au ishirini. Tulimwachia mzee achague. Alihesabu kwa vidole, akatabasamu. "Povu," alisema. "Itanitosha."

Gundi ya ukingo ilipokuwa bado mbichi, fundi alipitisha katika spika mlio mzito sana wa polepole, koni ikawa inapumua, na koili ikajiweka yenyewe katikati. Sijapata kuona kazi iliyofanywa kwa utulivu zaidi, na huyu ndiye mtu aliyekuwa tayari kung'oa vyote.

Jioni ya siku ya nne tulizipeleka nyumbani. Mzee alikuwa na santuri ya Mario ya Franco na TPOK Jazz, iliyotoka mwaka 1985, akaiweka mwenyewe, mikono ikitetemeka kidogo. Gitaa lilitoka safi. Lakini besi haikuwapo. Kana kwamba mpigaji wake alikuwa amekwenda kunywa maji. Mzee alinitazama, na nakiri kwamba nilimwona yule ng'ombe mbele ya macho yangu. Fundi akainama nyuma ya spika ya kushoto, akacheka peke yake: alikuwa amezibadilishana nyaya mbili, spika moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, na sauti nzito zinauana hewani. Akazigeuza. Besi ikaingia chumbani, na vikombe vikalia juu ya meza.

Tulisikiliza upande mzima bila neno. Kisha mzee alisema kwamba ya kulia, ile iliyoanguka mwaka 2002, ina sauti iliyo chini kidogo kuliko mwenzake. Fundi hakusikia tofauti, wala mimi. Mzee alisema ilikuwa hivyo tangu Goma kuungua, na kwamba isitengenezwe.

Mnunuzi wa ng'ombe alirudishiwa salamu. Kuhusu kitambaa cha mbele, fundi alikuwa na kitambaa kizuri cheusi cha bei nafuu, mzee akataka kilekile cha kahawia cha kiwandani, na hadi naondoka Gisenyi walikuwa bado hawajapatana.